Tangawizi Kongwe ya Mama wa Kahawa

Alikuwa akiinusa tangawizi kabla ya kunisalimu. Wateja wengine wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma walianza na habari za safari, habari za watoto, habari za joto la Lodwar, kana kwamba wao waliishi kwenye baridi. Yeye alifungua mdomo wa gunia, akazamisha mkono hadi kiwiko, akatoa tangawizi ya chini kabisa, akaivunja kwa kidole gumba na kuisogeza puani. Ikimridhisha, ndipo aliponitazama na kusema, "Salaam, Mama Lodwar. Umelala vizuri?" Isipomridhisha, siku hiyo nilikunywa kahawa bila salamu.

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Mama wa Kahawa, kama vile mimi nilivyoitwa Mama Lodwar kwa kuwa nilitoka Lodwar na magunia yangu. Ukoo wake sikuuliza, wala mume wake alipotelea wapi. Kakuma mtu hukwambia yaliyompata siku akitaka, na asipotaka unakunywa kahawa yako unakwenda.

Mimi nilikuwa muuza viungo. Nilikuja Lodwar kutoka Kitale kumfuata mume wangu, karani wa serikali. Yeye akaanza kulalamikia joto, mimi nikafungua kibanda karibu na yanaposimama malori. Tangawizi ilishuka kutoka Kitale, nikaichambua: ile nono, laini ya ngozi, nikaiuzia hoteli za mjini, iliyobaki nikaipakia kwenye lori la kwenda Loki, mpakani, na kushuka nayo Kakuma wiki za mgao wa chakula, watu wanapokuwa na moyo wa kununua. Huo ulikuwa mwaka 2012, na uhuru wa Sudan Kusini ulikuwa bado mtamu midomoni mwa watu wa kambini. Kila aliyekuja kwa Mama wa Kahawa alikuwa anarudi nyumbani mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika, ulikuwa unasogezwa mbele.

Kibanda chake kilikuwa cha matofali ya udongo na mabati yaliyokunjuliwa kutoka kwenye makopo ya mafuta ya mgao. Kahawa aliikaanga mbele yako, akaitwanga na tangawizi kwenye kinu kidogo cha mti, akaichemsha, kisha akaimimina katika birika la udongo lenye shingo nyembamba. Mdomoni mwa birika alichomeka nyuzi za mmea zichuje makapi. Vikombe vyake vilikuwa vidogo, havina mikono, na kahawa yake ilikuchoma koo mpaka machozi yakutoke. Walimu walikuja, wanakwaya walikuja, Wasomali wenye maduka walikuja, hata mama mmoja wa Kiturkana aliyemletea kuni aliweka mzigo chini, akasema "Ejok," salamu ya kwao, akapokea kikombe chake kabla ya kuzungumzia kuni.

Sasa sikiliza vituko vyake. Mwanamke huyu, aliyewachoma watu koo kwa tangawizi kutwa nzima, kahawa yake mwenyewe aliinywa bila tangawizi. Nilipomwuliza, alisema, "Yangu iko na kazi ingine." Kwa muda mrefu nilidhani ana vidonda vya tumbo.

Na tangawizi aliyoitaka haikuwa ile ninayojivunia. Nilimwekea nono, akaisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono.

"Hii ni mtoto, Mama Lodwar. Mimi nataka ile mzee."

Ile mzee ni iliyokomaa ikapitiliza, ngozi imesinyaa, ndani imejaa nyuzi zinazokwama kwenye meno. Mama wa hoteli Lodwar akiiona huniuliza kama nimeiokota jalalani. Nikadhani ni ujanja wa kunishusha bei, nikawa namtania kwamba mzee kwa mzee wanajuana. Hakucheka. "Mtoto anajua kulia tu," alisema. "Mzee anajua kuuma." Tangu hapo nikawa namtengea kifuko chake, na kifuko hicho kilinuka mpaka dereva wa lori akaniomba nikiweke mbali na kiti chake.

Siku aliyonionyesha kazi ya ile mzee, aliniita ndani kana kwamba ananionyesha mtoto mchanga. Chini ya kitanda kulikuwa na kibuyu kikubwa kilichozibwa kwa kitambaa na nta. Alikizibua, harufu ya tangawizi ikanipiga usoni. Ndani mlikuwa na mtama, punje ndogo nyekundu, zimechanganyika na maganda ya tangawizi.

"Hii ni mtama ya mama yangu," alisema. "Na mama yake. Hii nimebeba kwa kichwa nikikuja. Kila mwaka napanda kidogo pale kwa bomba, navuna, naweka mpya. Isikufe."

"Mtama si unapewa kwenye mgao?"

Alinitazama kama niliyetukana kanisa. "Ile nakula. Hii narudi nayo. Nikifika nyumbani na mkono mtupu, nitapanda nini? Nitakuwa mgeni kwa shamba ya mama yangu."

Basi nikaelewa. Watu wengine wa kambini walitunza vyeti, wengine picha. Yeye alitunza kibuyu, na adui zake walikuwa wawili. Wa kwanza ni fukusi, yule mdudu mdogo mwenye pua ndefu anayetoboa punje na kuacha unga. Wa pili ni ukungu. Dhidi ya wote wawili alikuwa na silaha moja tu, nami ndiye niliyemletea kwa lori.

Mtu anaweza kudhani ni ushirikina. Haukuwa. Aliwahi kuniwekea fukusi hai kwenye kikombe, akadondosha punje upande mmoja na punje zilizopakwa tangawizi upande wa pili, akaniambia nitazame. Fukusi walijikokota, wakafika karibu na harufu, wakageuka. Wachache wakaendelea hivyo hivyo. "Wako wenye kichwa ngumu," alisema, "kama watu." Hakuwahi kudai kwamba tangawizi inaua kila kitu. Alisema inawachosha, na inataka kurudiwa, kwa sababu harufu ikiisha hata mlinzi amekwenda. Bamia na sukuma wiki zake pale kwenye maji yanayomwagika ya bomba alizinyunyizia maji ya tangawizi na sabuni kidogo, na vidukari walipungua, ingawa mbuzi hawakupungua hata mmoja. Mbuzi aliwafukuza kwa kandambili.

Alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti nzito kuliko ya wanaume wengine, na Jumapili hakuuza kahawa. Kanisani alikuwa mwepesi wa kusamehe. Nilimsikia akiombea waliomchomea nyumba, kwa majina, bila uchungu. Lakini mchungaji aliposema siku moja kwamba Mungu anahurumia kila alichokiumba, alinong'ona sikioni mwangu, "Si fukusi." Nilicheka mpaka nikatolewa macho na benchi zima.

Kulikuwa na dawa ya unga ya kuhifadhi nafaka, na watu walimshauri aitumie. Aliikataa. Mimi pia nilimsukuma, maana nilichoka kubeba kifuko chenye harufu. Nilimwambia dawa hiyo inamaliza fukusi mara moja, mwezi kwa mwezi hana haja ya kutwanga.

"Mbegu ni nini, Mama Lodwar?" aliniuliza.

"Ni ya kupanda."

"Mwaka mzuri ni ya kupanda. Mwaka mbaya ni chakula ya mwisho. Wewe utatia sumu kwa chakula ya mwisho?"

Mimi ni mtoto wa Kitale, mahindi yamenizunguka tangu nilipozaliwa, na sikuwahi kuwaza kwamba mbegu inaweza kuwa chakula cha mwisho. Ndiyo maana nampenda hadi leo, kwamba alinifanya nione vitu nilivyoviuza kila siku.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa sukari. Alikuwa na kiburi cha kutoshauriwa, na kiburi hicho nusura kimalize kibuyu.

Kakuma ni pakavu kiasi kwamba nguo unaianika ukigeuka imekauka. Kwa hiyo yeye alizoea njia yake: alitwanga tangawizi mbichi, akakamua maji, akayapaka kwenye mtama, akatia na maganda juu, akaziba. Hewa ya Kakuma ilikuwa ikimsamehe. Kisha mwaka ule mvua ikanyesha kama iliyotumwa. Laga, ule mto wa mchanga mkavu, ikafurika, maji yakaingia nyumba za watu, na barabara ya kutoka Kitale ikakatika. Nilikaa Lodwar na kibanda kitupu, nikitazama mto Turkwel ukibeba mikoma mizima. Malori yalipoanza tena kupita, nilikwenda Kakuma na kifuko kidogo cha tangawizi niliyoikuta sakafuni mwa stoo yangu, iliyozeeka kupita wazee wote.

Nilimkuta ameketi mlangoni, kibuyu kati ya miguu yake. Hakuinusa tangawizi yangu. Mtama ulikuwa umeota manyoya ya kijivu, umeshikana mabonge, unanuka uvundo. Alikuwa akichomoa punje moja moja na kuzitupa. Nilimwona akilia kwa mara ya kwanza, na alilia bila sauti, mikono ikiendelea na kazi.

Siku hizo alikuwapo afisa wa kilimo aliyezungukia bustani za kambini, Mkenya wa kutoka bara kama mimi, mtu mpole mwenye kofia kubwa. Nilimwita mwenyewe. Mama wa Kahawa alimpokea kwa uso wa mbao. Afisa akachuchumaa, akanusa kibuyu, akasema, "Mama, tangawizi yako haina kosa. Kosa ni maji. Umemfungia ukungu ndani na kinywaji chake."

Akamweleza taratibu. Ule ukali na yale mafuta yenye harufu ndivyo vinavyofukuza mdudu na kuzuia ukungu. Maji ya tangawizi mbichi ni mazuri, ila ya kulowekea mbegu unayokwenda kupanda muda huo huo. Ya kuweka kibuyuni iwe kavu, iliyosagwa unga, na ikaushwe kivulini, maana jua kali linarusha mafuta yake. Na mtama wenyewe ukauke kwanza mpaka punje igome kwenye meno, ndipo uzibwe.

"Mimi nimefanya hii tangu wewe hujazaliwa," alimjibu.

"Najua, mama. Ndiyo maana umefika mpaka leo."

Hakumshukuru. Lakini afisa alipoondoka alinituma nitafute kitambaa safi cha kuanikia, na tukaianika tangawizi kivulini. Wiki mbili baadaye nilimsikia akimfundisha jirani kwamba tangawizi haianikwi juani, hata mtoto anajua. Afisa alikuwa amekaa hapo hapo na kikombe chake, akanikonyeza, akanywa.

Kibuyu kile kilitoa konzi chache tu za punje nzima. Na hapo ndipo alipofanya jambo lililoishangaza Kakuma: aliacha kuweka tangawizi kwenye kahawa. Ile niliyomletea ilikuwa ndogo, na barabara ilikuwa haijatengemaa. Wateja waliuliza, akawajibu neno lake la Kiarabu cha Juba, "Mafi." Hakuna. Wakanung'unika, wengine wakahamia vibanda vingine. Dereva mmoja alimwambia kahawa bila tangawizi ni maji ya kuoshea vikombe. Alimpa kikombe cha pili, akamwambia basi na aoshe.

Zile konzi alizilowesha katika maji ya tangawizi, akazipanda kandokando ya bomba. Tulizilinda kama wagonjwa. Yule mama wa kuni alisuka uzio wa miiba, akaahidi kwamba mbuzi wa kwao hawatauruka, na wakauruka mara moja tu. Mtama ulipotoa vichwa nilikuwa nikishuka lori na kwenda bombani kabla ya kwenda sokoni. Tulikuwa tukiogopa ule ugonjwa unaogeuza punje kuwa unga mweusi kama masizi. Vichwa vichache viliugua, akavikata na kuvichoma moto. Vilivyobaki vilikuwa vyekundu, vizito, vimeinama. Sikuwa na mtama kwetu, lakini siku ya kuvuna nilifurahi kama aliyejifungua.

Alipomaliza kukausha na kuchanganya na unga wa tangawizi, hakuuweka wote kibuyuni. Aliniomba kopo. Nikampa lile la chai, lenye mfuniko wa kubana.

"Nyumbani mama yangu aliweka mbegu nyumba mbili," alisema. "Yetu, na ya jirani. Moto ikikuja huku, iko kule. Mimi hapa nimeweka yote chini ya kitanda yangu, kwa sababu nimejiambia hapa hakuna mtu yangu. Hiyo ni ujinga." Akajaza kopo, akalisukuma kwangu. "Weka Lodwar. Kila mara badilisha tangawizi. Ile mzee."

Nimepewa mashuka, nimepewa mbuzi, lakini kuitwa nyumba ya pili sikuwahi. Nililiweka kopo juu kabisa ya rafu, mume wangu akakatazwa hata kulifuta vumbi.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 mwezi wake ujao ukafika kweli. Wapwa zake walikuwa wametangulia, wakatuma neno kwamba shamba la mama lipo, magugu tu. Niliposhuka Kakuma nilikuta ameshafunga virago. Birika alimwachia yule mama wa kuni. Kibuyu alikifunga mgongoni kwa kanga, na watu wakamtania kwamba anaondoka na mjukuu. Nilitaka kumrudishia kopo lake, akakataa katakata.

"Nyumba mbili," alisema.

"Lakini wewe unarudi kwako. Mimi niliye hapa nitaipanda wapi?"

"Wewe usipande. Wewe kaa nayo."

Lori la Loki likaondoka naye akiimba. Kwa miezi mingi nilipita Kakuma bila kunywa kahawa. Nilijaribu vibanda vingine, nikaona kila mmoja ana tangawizi mtoto. Kule Lodwar nilibadilisha unga kwenye kopo kila ulipopoteza harufu, na kila nilipolifungua nilimwona na uso wake wa mbao akinikagua. Salamu zake zilifika kwa madereva: amelima, imeota, amevuna. Siku ya salamu hiyo ya mwisho nilikaanga vitumbua na kugawia majirani, nao wakadhani nimepata mjukuu.

Kisha, mwaka ukikaribia kufungwa, vita vikalipuka kwao. Redio ya jirani ilisema asubuhi, mimi nikafunga kibanda. Watu wakaanza kuvuka mpaka, malori yakashuka Loki yamejaa akina mama na watoto. Nilimwuliza kila dereva. Siku moja mmoja wao, yule aliyechukia kifuko changu, alisimama mbele ya kibanda bila kuzima injini na kusema, "Yule mama yako wa kahawa yuko Kakuma. Amerudi."

Nililichukua kopo nikapanda.

Nilimkuta kwenye uwanja wa wageni wapya, chini ya turubai, na watoto wa wapwa zake wamelala wamemwegemea. Alikuwa amekonda mpaka mabega yametokeza. Kibuyu kilikuwa kando yake, hakina kizibo. Nilichungulia ndani. Kilikuwa kitupu, kinanuka tangawizi.

"Tumekula," alisema kabla sijauliza. "Njiani hakuna kitu. Nimechemsha, watoto wamekula, siku zote mpaka Loki. Haina fukusi hata moja. Haina sumu." Alimpapasa kichwa aliyekuwa karibu. "Hawa wako kwa sababu ya hiyo. Lakini imeisha, Mama Lodwar. Ya mama yangu imeisha. Malesh." Pole, alisema, kana kwamba mimi ndiye niliyepoteza.

Nikamwekea kopo mapajani.

Alilitazama kwa muda. Nadhani alikuwa amelisahau, au alikuwa ameogopa kulikumbuka. Akalitikisa karibu na sikio, punje zikalia. Ndipo akakaza kucha, akabandua mfuniko, akachota kidogo kwenye kiganja na kusogeza puani. Nikasubiri.

"Hii tangawizi ni mtoto," alisema.

"Ndiyo iliyokuwepo," nilijitetea. "Kitale hawakuleta nyingine."

"Ni mtoto," alirudia. "Lakini imefanya kazi ya mzee." Akaniangukia begani, akalia, safari hii kwa sauti, mpaka watoto wakaamka. Nami nililia, sioni haya kusema.

Alipojifuta uso, alivuta kibuyu, akakipuliza vumbi, akamimina mtama taratibu asidondoshe punje. Nilidhani atamimina wote. Alipofika nusu akasimamisha mkono, akafunika kopo, akalikaza kwa kiganja na kunirudishia.

"Nyumba mbili," alisema. Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Salaam, Mama Lodwar. Umelala vizuri?"

Nilirudi Lodwar jioni ile na kopo mapajani, na kabla ya kumpikia mume wangu nilimwaga magunia yangu yote sakafuni, nikaanza kutafuta ile mzee.